Ukurutu wa Mtoto Benta

S.L.P. 46,
Oyugis.
14 Machi 1996

Mpendwa shemeji Nyamoita,

Salamu nyingi kwenu huko Limuru. Je, baridi imewaachia vidole? Na pumu ya Japheth je, imetulia? Sisi huku tu wazima, na leo nina furaha hata kalamu inaruka mistari.

Habari yenyewe ni ya Benta, mtoto wa ndugu yetu Willis. Tangu Krismasi mashavu yake yalikuwa yakikwaruza kama msasa na kutoa maji. Usiku halali, anajikuna hadi damu.

Mama akakata kauli: ni chira, ile laana ambayo sisi Wajaluo husema humpata mtoto wa aliyevunja mwiko. Aliyevunja ni nani? Linet, mke wa Willis. Kwa Mama, hata mvua ikichelewa ni Linet. Akaapa kumrudisha kwao Asumbi Jumapili hii, mtoto abaki. Linet akalia. Willis akatazama viatu vyake.

Jumatatu Linet akakimbilia kliniki na mtoto. Mama akafuata ili asikie hukumu, nami nikafuata ili nimwone akisikia.

Muuguzi akasema huo ni ukurutu, wala hauambukizi. Hutembea katika ukoo, pamoja na pumu. Watoto wachanga huwashika mashavuni, wakubwa mara nyingi mikononi. Kisha akageuka: "Mama, hebu nione viganja vyako."

"Mimi? Hii mipasuko ni ya kuosha dagaa wa omena!"

"Omena na sabuni vinauchokoza tu. Na nyumbani kuna mwenye pumu?"

Nikajibu kabla Mama hajanikanyaga: "Japheth, kifungua mimba wake."

Shemeji, ungeona huo uso!

Tumeambiwa tuache sabuni ya kunukia, tumpake mafuta mazito mara akitoka kuoga, na tusimvishe sufu kwenye joto hili. Kwa hiyo ile shali yako nzuri anajifunika Willis. Usikasirike, inampendeza. Ukituma tena, tuma pamba.

Mashavu yameanza kulainika, na mtoto analala! Jana sokoni jirani yetu Phelesia alimwuliza Mama kama Linet ameshafunga mizigo. Mama akamjibu kwa mkato: "Aende wapi? Hiyo ngozi ni yetu. Nani ataipaka mafuta?"

Msalimie Japheth, na watoto Stanley na Liz. Linet anakusalimu sana. Mungu awatie joto huko kwenye ukungu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye daima,
Walter