Mgambo Mbele ya Kaka Zake

Jumanne, baada ya magharibi

Hata leo kaka zangu hawakuacha kubishana. Athumani, askari wa nchi kavu, anasema kazi ya wanamaji ni kupaka meli rangi. Saidi, ambaye ni mwanamaji, anasema wenzake wa nchi kavu wakitumbukia majini wanazama na buti zao.

"Na nyie mgambo je?" Athumani akanigeukia. "Mmefundishwa nini pale Mnazi Mmoja?"

Nikasema kwata, na kutambaa na bunduki za mbao. Risasi za kweli nimepiga tatu tu. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Ndipo nikawaambia nimeitwa. Ijumaa naondoka kwenda vitani, mpakani.

Kicheko kikakatika. Athumani akasogeza cherehani yangu, akatandika mkeka. "Lala chini. Ukisikia mlio, usinyanyue kichwa kuangalia unatoka wapi." Akanirudisha chini mara kumi, viwiko vikachubuka. Saidi alitoka nje, hakutaka kuona.

Naogopa, sifichi. Lakini kilichonitisha zaidi ni mkono wa Athumani ulivyokuwa unanikandamiza kisogoni. Hata mara ya kumi ilipokwisha, hakuuondoa.