Sato wa Baba Kulwa

Ntalikwa, Jumapili

Kisima changu kiliharibika Jumatatu, Baba Kulwa alipofungulia maji ya bwawa lake la samaki yakashukia kwangu kwa mtaro wake. Futi thelathini nilizochimbisha kwa hela ya vitumbua, sasa zinanuka shombo. Nabeba madumu sita kutoka mbali kila siku.

Leo kaniletea sato wawili. Jirani mwema huyo!

“Kula, Mama Shija, hasira zipoe.”

“Niwapike kwa maji gani?”

“Si uchote kisimani? Yameshakuwa supu.”

Nilicheka, Mungu anisamehe.

Ila Jumatano anafungulia bwawa la pili, na hapo naogopa kweli.

Kesho namrudishia sato wake. Watakuwa wananuka kama kisima changu. Nitamwambia hivi: Mtaro unaugeuza, Baba Kulwa, au huugeuzi? Nijibu kabla ya saa sita mchana.