Ngombe ya Nundu ya Madisi

Siku ya ine, magaribi

Baba amekataa nsima, bugali ya huku. Amegeukia ukuta.

Leo ku soko ya Madisi, huku tulikimbilia, aliona ngombe nyeupe ya nundu, akaniambia niulize jina yake. Nikamuuliza mwenye ngombe mu Kichewa. Akajibu ni Brahman, ya ku India.

"Hiyo njo kabila," baba akasema. "Jina yake njo nini?"

Haikukuwa na jina. Baba akaweka mukono pole pole juu ya nundu, akaiita Mapendo, kama ile ngombe yetu tuliacha kule Kivu. Tangu tukimbie hakuitaja.

Mwenyewe akacheka, akamushukuru: "Zikomo, bambo, lakini kesho tunaichinja."

Nikatafsiri yote. Baba hasikii Kichewa. Heri ningemuambia tu: amesema zikomo.