Unga Chini ya Mti wa Ukoo

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekamua mabibo tangu alfajiri. Uraka, pombe yetu ya mabibo, unatoa povu vizuri. Kazi bure. Kaka Yustino amerudi kutoka msituni, anasema unga umeanguka. Mizimu imekataa wageni. Wiki ya pili mfululizo.

Ndiyo desturi yetu. Ijumaa jioni kaka, mkubwa wa ukoo, anamwaga unga wa mtama chini ya mti kwenye mdomo wa msitu. Unakaa kama kichuguu chenye ncha. Anaufunika kwa chungu. Asubuhi anafunua. Ncha ikisimama, njia iko wazi. Ikianguka, haingii mtu.

Gaspari, mkwe wangu, ndiye anayeongoza wageni. Asubuhi msituni, mchana kwangu kuonja uraka. Yeye anauita mvinyo. Uraka ni uraka. Amewapigia simu wageni walioko Masasi wasipande Newala. Hakuonekana kuumia. Nimeliona hilo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Felista, mwanangu, ameniambia leo. Safari zikikoma, yeye na Gaspari watahamia Mtwara. Kuna rafiki amemtafutia Gaspari kazi. Wataondoka na mjukuu wangu.

Moyo umeniuma sana. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Halafu nikaanza kufikiri. Unga uko ndani ya chungu. Kuku hafiki, upepo hauingii. Nani anafaidika ukianguka? Kijana anayeutaka mji na anatafuta sababu.

Jumatano, 16 Oktoba

Gaspari kaja kunisalimia. Shikamoo mama, kainama karibu apige magoti. Adabu nyingi mno. Viatu vimejaa udongo mwekundu. Najua, Newala nzima ina udongo mwekundu. Bado nimeviangalia.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Kaka naye kapita. Kanyoosha mkono kupokea kikombe, kakipiga kumbo, uraka wote chini. Nikamwambia amelewa kabla ya kunywa. Hakucheka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kaka amemwaga unga jioni, nilikuwepo. Mkono wake haujawahi kukosea. Unga unashuka kutoka vidoleni taratibu mpaka ncha inajitokeza yenyewe. Wazee wa ukoo wamesema ukianguka mara ya tatu, njia inafungwa moja kwa moja. Gaspari hakuja. Eti gari linamsumbua.

Kesho nitatangulia mimi. Nimkute na mkono wake chunguni.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikaa nyuma ya mkorosho tangu kulipopambazuka. Umande umenilowesha kanga. Gaspari hakutokea.

Jua lilipotoka akaja kaka, peke yake, polepole, fimbo mbele. Akapiga magoti, akafunua chungu. Nilikuwa karibu, niliona. Ncha imesimama! Nusura nipige vigelegele. Kisha kaka akanyoosha kidole, akaigusa. Unga ukaporomoka.

Kaka yangu wa tumbo moja! Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Nikatoka, nikasimama mbele yake, nikamkazia macho.

Akainua uso.

"Nani hapo?"

Jua lilikuwa linanipiga usoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Felista." Akaanza kupapasa chini akitafuta chungu. Nikamsogezea.

Haoni. Ukungu, anasema, tangu mvua zilipokatika, na sasa umeziba kabisa. Hawezi kuiona ncha, kwa hiyo anaigusa ajue kama ipo. Akiigusa inaanguka. Hajui kama ilikuwa imesimama, na anaogopa kuisingizia mizimu ruhusa, basi anasema imekataa. Amenyamaza kwa kuwa mkubwa wa ukoo asiyeona njia, njia hupewa mwingine.

Nilimfokea. Kisha nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Nilikuwa nalia na sikutaka ajue.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwambia kaka: sema mwenyewe, ama nitasema mimi. Amesema, mbele ya wazee wote. Wamemuuliza mengi. Mwishowe wakaamua ya jana haihesabiki, unga uliguswa kabla ya kusomwa. Ijumaa atamwaga kaka. Macho yawe ya dada yake.

Nimeogopa. Ncha ikianguka safari hii, mimi ndiye nitakayetamka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimefunua chungu. Ncha imesimama, kali. Nikamwambia.

Kaka hakufurahi. Akageuza sikio upande wangu, kama anasikiliza kitu kingine.

"Unasema hivyo kwa ajili ya Felista."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini ningekuwa yeye ningewaza hivyo hivyo. Wiki nzima nilimwaza mkwe wangu vibaya zaidi ya hapo. Nikaukamata mkono wake, nikakisogeza kidole chake, polepole sana, mpaka kwenye ncha. Safari hii alijua anachotafuta. Akakituliza kidole. Unga ukaporomoka.

"Ilikuwepo," akasema.

Wageni wameshuka msituni. Kaka mbele, mkono begani kwa Gaspari, anawasimulia miti kwa kuipapasa magome. Mchana wamekunywa uraka hapa uani. Mmoja aliusifu, akaomba tena. Felista alikuwa anapokea vikombe, mtoto mgongoni.

Nimechinja kuku. Firigisi nimempa Gaspari. Kashangaa, kaniuliza kama sikumbakizia mjomba Yustino.

Nikamwambia ale.