Nimepata Kazi ya Kuwachuja Wagonjwa

Jumanne. Mtaa wetu wa Batsinda umeamka na manyunyu, na mimi nimeamka mapema kama mwanafunzi siku ya mtihani. Sasa ni jioni. Mvua imeisha.

Leo nilikuwa na usaili. Kampuni yenyewe ina kliniki zake na inauza bima ya afya. Inatafuta mchambuzi wa data. Tangu mradi niliokuwa naufanyia kazi ufungwe, nimeomba kazi mpaka nikaacha kuwaambia watu. Nilikwenda nikiwa na shida, na mwenye shida hachagui.

Walionisaili ni wawili: mkuu wa kitengo cha data, mama mpole aliyekulia Uganda, na bwana mmoja wa idara ya fedha. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Nilianza hata kufurahi.

Ndipo yule bwana akauliza, "Tukikupa taarifa za wateja wetu, utatuonyeshaje wale watakaotugharimu sana, kabla hatujawaongezea muda wa mkataba wa bima?"

Nilielewa papo hapo. Hakuwa na nia ya kuwatibu mapema. Alitaka kuwatoa.

Ningeweza kumuuliza. Ningeweza hata kujifanya sijui. Badala yake nilisimama, nikachukua kalamu, nikaanza kuandika ubaoni dalili za kutafuta. Umri umepita sitini. Anachukua dawa za sukari kila mwezi. Anakaa mbali na kliniki, anakosa miadi. Ana kidonda mguuni kisichopona.

Hapo mkono ukasita. Nilikuwa nimemwandika mama yangu.

Mama anaishi Kabuga, pembezoni mwa jiji, peke yake. Alitulea Bukoba, ukimbizini, kwa kushona nguo za watu. Sukari imeshamla macho, sasa imeshuka miguuni.

Nikamalizia sentensi. Nikaweka na nukta.

"Safi sana," yule bwana akasema. Mama mpole alikuwa anaangalia meza.

Mwishoni wakanipa nafasi ya kuuliza. Nikauliza kama mfanyakazi anaweza kumwandikisha mzazi wake kwenye bima.

"Anaweza kuomba," mama mpole akajibu, sauti chini. "Ila mzazi atapitia mchujo kama wengine."

Mchujo niliotoka kuuandika mimi.

Alasiri wakapiga simu. Kazi ni yangu. Nikampigia mama, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja isingetosha. Halafu akauliza, "Sasa mwanangu, huko utakuwa unafanya nini?"

"Nitawasaidia wagonjwa, mama."

"Basi ni kazi njema. Mungu amekuona."

Nikasingizia mtandao, nikakata.

Tangu hapo nina hasira na sijui nimpelekee nani. Yule bwana? Yeye aliuliza tu. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa mwandiko mzuri. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba waliponiambia nimepata, kwa dakika chache nilifurahi kwelikweli. Nilicheka peke yangu chumbani.

Mkataba wanautaka uwe umesainiwa kesho asubuhi.

Najijua. Nitasaini.

Nisilolijua ni hili: Jumapili mama atakaponiwekea mikono kichwani aibariki kazi hii, nitafumba macho na kuitikia amina?