Salamu Ulizonituma kwa Sanamu

Baba,

Nimefika. Ilikuwa Jumanne, nilipopewa kibali cha kutoka kambini kwenda hospitali mjini Kigoma. Jicho walilitazama mapema, wakanipa dawa ya matone, muda ukabaki. Nikapanda hadi kwenye sanamu zako.

Kwanza ya nyumbani. Turubai tumebadilishiwa. Ulipokuwa ukiweka kiti chako Mama amepanda mboga ya lengalenga, na imestawi. Redio yako sasa inashika stesheni moja tu, ya kwaya. Hakuna anayebishana nayo tena.

Sanamu ni tatu, za saruji, vichwa na mabega, juu ya stesheni ya reli. Ziwa lote linaonekana. Kibao kinasema ni wanafikra wa siasa. Wazee wa Ujiji hawazitaki, wanasema saruji hiyo ingejenga kisima. Wengine wanataka zibaki. Wako, yule wa kwetu Burundi, ni wa tatu. Wamemvalisha tai. Wewe ulisema hakuvaa tai hata siku aliyokuja kuhutubia shuleni ulikofundisha. Na kuna mtu alikuwa amempaka tope usoni.

Nilikwenda na mizigo miwili, Baba. Wewe, wiki ile ya mwisho, uliniambia, "Ukipata nafasi, umsalimie. Ndiye aliyetuambia kwamba na sisi ni watu." Mama, asubuhi hiyo, akinifunga kitenge chake: "Ukimwona, mtemee mate. Maneno yake ndiyo yaliyotuletea bunduki mlangoni, na kaka yako hakurudi." Nawaamini nyote wawili. Hapo ndipo penye shida.

Nikasimama mbele yake, sijaamua. Mara nikasikia mdomo wangu unasema, "Bwakeye, mwalimu."

Bwakeye, salamu ya Kirundi! Miaka yote ulinifundisha: mjini sema mwakeye, kama Waha wa hapa, herufi moja tu, na hakuna atakayekuuliza kibali. Mlinzi wa sanamu akainuka kwenye kigoda chake.

"Dada, huku tunasema mwakeye. Kibali kiko wapi?"

Nikampa. Jirani yetu alinyang'anywa chake kwa kukutwa sokoni, na hadi leo hajapewa kingine. Mimi jicho linatakiwa kurudi kutazamwa.

"Hapa pameandikwa hospitali."

"Ndiyo, kaka."

"Kwa hiyo hawa watatu ndio madaktari?" Akacheka peke yake. "Wangekuwa wanatibu, si ungekuwa kwenu sasa hivi? Haya, shika karatasi yako. Na huyo wako mfute tope, mimi mgongo unauma."

Nikamfuta. Sikuwa na kitambaa kingine ila upindo wa kitenge cha Mama.

Jioni Mama akauliza, "Ulitema?"

"Mdomo ulikauka."

Akautazama upindo. "Na hili tope?"

Nikamweleza lilikotoka. Akakivua kitenge kiunoni mwangu, akaenda kukifua mwenyewe, akakisugua muda mrefu kuliko tope lenyewe lilivyohitaji. Kwenye shajara niliandika tarehe na mstari mmoja: Nimemsalimia. Mama amefua.

Leo ameniambia anataka kwenda mwenyewe. Nitaomba kibali cha watu wawili, na safari hii nitasema kweli tunakwenda wapi. Wakikataa, nitaomba tena.

Lala salama, Baba. Salamu zako zimefika, ingawa hakuitikia. Nawe nakuahidi jambo moja, usinikasirikie: Mama akimtemea, sitamfuta.

Binti yako