Mtamba wa Zaina

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, kaunta ya duka la jirani ndiyo meza yangu, maana leo furaha hainiruhusu kukaa. Magoti yanasemaje na baridi hiyo ya Mtae? Yale matuta ya maharage yaliyosombwa na mvua, mmeyainua tena? Sisi huku Dar es Salaam ni wazima, ila joto linatukaanga kama kawaida yake.

Ujumbe wako Baba Mdogo aliufikisha neno kwa neno. Kwamba huu mwaka wa tatu Zaina yumo nyumbani kwangu na wewe hujaitwa bibi. Kwamba umenionea binti huko Mgwashi, na mtamba wako mweusi, yule ng'ombe ambaye hajazaa bado, umemtengea yeye akija. Sasa vuta kigoda, Mama, usogee motoni. Na wewe dada Mwanaidi unayemsomea, usiruke mistari, nakujua.

Zaina hana kasoro yoyote. Tulikuwa tunangoja, tena kwa amri ya daktari, na sababu ilikuwa mwilini mwangu mimi. Sikukwambia kwa kuwa ungepanda basi la alfajiri uje kunitoa kazini kwa sikio.

Unajua tangu kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi tunayeyusha betri kuukuu za magari, tunatoa risasi, ile metali nzito iliyomo ndani. Moshi wake na vumbi lake ni sumu. Kila adhuhuri tajiri alikuwa akitugawia pakiti ya maziwa, eti yanakata sumu, nasi tukaamini. Mimi nilikuwa muumini kuliko wote! Mtoto wa mama mwenye ng'ombe, ningeyakataaje maziwa? Wenzangu waliokuwa hawayapendi niliwasimanga mpaka wakayanywa.

Basi tumbo likaanza kunisokota, na mikono ikalegea hata kufunga kifungo ikawa kazi. Hospitali wakanipima damu, wakakuta risasi tele. Daktari, mama mmoja mpole wa makamo, akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ndiyo kwanza tunatafuta. Akaweka kalamu chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ulichorithi kwa wazazi wako ni kile kile. Ila sumu hii inaweza kuufundisha mwili kuzima, ndani ya urithi huo, kinachopaswa kuwaka, na kuwasha kinachopaswa kulala. Na mafunzo hayo mabaya huenda yakamfikia hata mtoto ambaye hujampata. Wataalamu bado wanachunguza ni kwa kiasi gani. Mimi nisingebahatisha."

Mama, niliogopa. Nikauliza, na maziwa je? Akasema maziwa ni chakula kizuri, lakini hayatoi risasi mwilini. Kinachotakiwa ni feni ya kuvuta moshi, barakoa, maji na sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zibaki kiwandani zisipeleke vumbi nyumbani. Nilipomweleza Zaina, alilia kidogo, kisha akasema atangoja. Amengoja, Mama, huku majirani wakimsema na wewe ukimtafutia mke mwenza. Hakuwahi kunirushia neno.

Uvumilivu wake ndio ulionipandisha hasira. Nikawaeleza wenzangu aliyosema daktari, tukamwendea tajiri kudai feni na bafu. Akajibu, si nawapa maziwa? Akatuonyesha getini walivyojaa wanaotafuta kazi. Kesho yake tukapokea pakiti zetu kwa adabu zote, tukazipanga ofisini kwake bila kufungua hata moja. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Joto la Dar unalijua. Zikavimba, zikapasuka, maziwa yakatiririka chini ya meza siku aliyokuwa na wageni wake wa biashara. Akatoka nje na leso puani, akauliza nani kaanzisha upuuzi huu. Nikapiga hatua mbele.

"Tajiri," nikasema, "mimi ni Msambaa, maziwa nimeyajua kabla ya kujua kusema. Haya hayawezi kazi ya maji na sabuni."

Wageni wakacheka, na mmoja wao akataka aonyeshwe tunapooga. Hapakuwa na pa kumwonyesha, na tajiri akaaibika mbele yao. Mama, bafu limejengwa! Feni inanguruma juu ya tanuru, barakoa tunazo, nguo zinafuliwa hapo hapo. Mimi nikahamishiwa stoo, mbali na moshi. Damu yangu imepimwa tena na tena, ikishuka kila mara, hadi yule daktari akatabasamu na kusema sasa haya, nendeni.

Tumekwenda, Mama. Zaina ni mjamzito. Tumbo limeshaonekana, na wale majirani ndio wa kwanza kumbebea ndoo.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie miguu yake haikwenda bure. Msalimie shangazi yangu wa Kifungilo na mwalimu wangu wa madrasa, aendelee kutuombea. Yule binti wa Mgwashi mtakie heri na mume mwingine.

Zaina anakuja kujifungulia kwako, kwenye hewa safi. Ameomba mwenyewe, ingawa anajua uliyoyasema. Siku atakayoshuka basini, usimpe maneno mengi, mpe kamba ya yule mtamba aishike mkononi. Mtamba huyo akizaa, maziwa yake anywe mama wa mjukuu wako. Hiyo ndiyo kazi ya maziwa.

Mwanao, baba mtarajiwa,
Hoza